Je, Wajua? Uongo Kati ya Arua na Koboko

Je, wajua kwamba Kiswahili huualika uongo kwa furaha? Bibi akisema "Hadithi! Hadithi!", wajukuu hujibu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Neno hilohilo hutupiwa shahidi mahakamani, na ndilo linalomtoka mtu anapopata habari njema asiyoitarajia. "Uongo!" atasema, na maana yake ni "Hebu rudia nisikie." Uongo ni lolote lisilo kweli, liwe limesemwa kwa hila, kwa mzaha au kwa kutojua. Mwenye hila ana vitenzi vyake: hudanganya, huongopa, huzua, husingizia. Anayeongeza kidogo ametia chumvi tu. Vijana wa Dar es Salaam wana kamba, fiksi na siku hizi chai. Na asiyetaka kuwa mdhamini wa maneno ya mwenzake hutanguliza "eti", au "ati" kama wasemavyo Kenya na Uganda, akanawa mikono.

Je, wajua neno "uongo" hugeuka vipi ukifika West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda? Arua ni mji wa Walugbara, Koboko ni wa Wakakwa, na kati yake ni kilomita zipatazo 55. Kongo iko upande wa magharibi, na kaskazini ya Koboko ni Sudan Kusini. Nchi hizo tatu hukutana Salia Musala. Kwa hiyo sokoni utasikia Kilugbara, Kikakwa, Kilingala, Kinubi, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha kila sampuli. Kwa Kiswahili cha Kongo, uongo ni "bongo". Mtanzania anayejisifu kuwa ametoka Bongo na achunge pa kulitamka hilo. Mnubi naye husema "kidib", neno la Kiarabu, ukoo mmoja na "kukadhibisha" yetu.

Je, wajua kwamba gavana aliyeitwa Mwaminifu hakuwa na jina hilo? Emin Pasha alizaliwa Eduard Schnitzer huko Silesia mwaka 1840. Alikuwa daktari wa Kijerumani, akatumikia dola ya Uturuki, akajiita Mehemed Emin. Emin ni matamshi ya Kituruki ya amin, yaani mwaminifu, mzizi uleule wa "kuamini" na "amana". Mwaka 1878 akawa gavana wa jimbo la Ekwatoria, na baadaye makao yake yakawa Wadelai, kando ya Nile, katika West Nile ya leo. Mpelelezi Stanley alimkuta mwaka 1888, wakafika Bagamoyo mwishoni mwa 1889, na usiku wa karamu ya kuwapokea Emin akaanguka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Hilo nalo lingefaa kuanza na "eti", lakini ni kweli tupu. Askari wake waliobaki nyuma walichukuliwa na Lugard, ofisa wa Kiingereza, mwaka 1891. Hao ni miongoni mwa wazee wa Wanubi wa Uganda, na pamoja nao Kinubi, na ndani ya Kinubi, kidib.

Je, wajua kwamba West Nile ilikuwa na maji yake kama yale ya Kinjekitile wa vita vya Majimaji? Rembe, mganga wa Kikakwa, aligawa maji ya Yakan kwa Walugbara. Walioyanywa waliahidiwa kwamba risasi zitageuka maji, na wafu na ng'ombe waliokufa watarudi. Watu walikuwa wamechoka. Miaka kadhaa nyuma tauni ya mifugo na magonjwa yalikuwa yamewamaliza, kisha wakaja Wabelgiji, kisha Waingereza waliofungua kituo cha Arua mwaka 1914 na kuanza kudai kodi. Rembe alinyongwa Yei mwaka 1917. Miaka miwili baadaye wafuasi waliinuka hata hivyo, na risasi hazikugeuka. Ukipima kwa kamusi, ahadi ile ilikuwa uongo. Mimi kumwita Rembe mwongo nasita, kwa sababu mwongo anajua. Kiswahili hapa kina upungufu: kina majina ya anayewahadaa watu, hakina la anayewapa tumaini ambalo yeye mwenyewe analiamini.

Kwa Idi Amin, aliyekuwa rais wa Uganda, sisiti. Hata mahali alipozaliwa panabishaniwa: wapo wanaosema Koboko, kwao upande wa baba, na wapo wanaosema Kampala, mwaka nao hutajwa mara 1925, mara 1928. Hilo si kosa lake, maana watoto wengi wa wakati ule hawakuandikwa popote. Lakini alisema kwamba alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walipigana huko kweli, katika KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha Amin aliingia KAR mwaka 1946, na vita vilikwisha 1945.

Halafu tazama herufi alizozipanga baada ya jina lake. VC ni nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, iliyopewa jina la Malkia Victoria. Amin alijitengenezea ya kwake, akaiita Nishani ya Ushindi, na kwa Kiingereza herufi zikatoka zilezile mbili. CBE, ambayo kwa Waingereza ni cheo cha heshima cha dola yao, akaifanya imaanishe Mshindi wa Dola ya Uingereza, baada ya London kuvunja uhusiano naye mwaka 1976. Huu ni uongo wa fundi: kila herufi ni halali, anayedanganywa ni msomaji anayejua maana ya zamani. Ni Amin huyohuyo aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda mwaka 1973, na KAR ndiyo iliyokifikisha Kiswahili kwa vijana wengi wa West Nile, kwa amri na kwa gwaride.

Je, wajua kwamba Wazungu walikuwa wakitembea kwa vichwa? Ndivyo Walugbara walivyomsimulia John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeishi kwao kuanzia 1949. Wageni wa mbali, kwa hesabu ya wazee, mambo yao yote huwa kichwa chini miguu juu, na Wazungu wa kwanza hivyo ndivyo walivyosafiri, wakimaliza masafa marefu kwa siku moja. Mbona basi hakuna aliyewaona? Jibu lilikuwa tayari: wakigundua tu kwamba wanatazamwa, husimama kwa miguu.