Picha Zilizopotea Katika Kadi ya Kamera

Wanafunzi wa historia wa shule moja ya sekondari, kwa mfano, wanasafiri kutoka Tabora kwenda Ujiji wakiifuata njia ya zamani ya misafara. Huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, wanalipiga picha tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Njiani wanawapiga picha wazee wanaowasimulia habari za kale. Wanaporudi shuleni, kompyuta inaarifu kwamba kadi ya kamera haisomeki. Tembe laweza kupigwa picha tena. Mzee aliyefariki dunia baada ya safari hiyo hawezi. Je, picha hizo zimepotea? Aghalabu jibu ni hapana, mradi kadi isichezewe kwa pupa.

Jinsi kadi inavyohifadhi picha

Ndani ya kadi mna kipande cha silikoni chenye vijumba vidogo mno vinavyonasa elektroni. Kijumba cha aina iliyo sahili kabisa kikiwa na elektroni husomwa 0, kikiwa hakina husomwa 1. Elektroni hizo hubaki mahali pake hata umeme ukikatika. Kumbukumbu ya namna hii ilibuniwa na Fujio Masuoka wa Japani, aliyeitangaza mwaka 1984.

Kadi ina sehemu mbili zinazopasa kutofautishwa. Ya kwanza ni orodha, inayotaja jina la kila picha na mahali inapoanzia. Ya pili ni picha zenyewe. Kadi ikichomolewa wakati kamera inaandika, au betri ikiisha ghafla, mara nyingi kinachoharibika ni orodha. Hata picha inapofutwa, kwa kawaida hubadilishwa orodha tu. Picha yenyewe husalia mpaka nyingine iandikwe juu yake.

Kutafuta bila orodha

Kando ya njia iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, miembe mikubwa bado huonyesha baadhi ya mahali misafara ilikopita. Asiye na ramani aweza kuifuata miembe hiyo. Picha nazo zina miembe yake. Kila picha ya aina ya JPEG, ambayo ndiyo itumiwayo na kamera nyingi, huanza kwa tarakimu 255, 216, 255 na kuishia kwa 255, 217. Programu ya uokoaji huisoma kadi tangu mwanzo hadi mwisho ikizitafuta alama hizo. Mojawapo ni PhotoRec ya Christophe Grenier, itolewayo bila malipo. Hata hivyo, picha iliyohifadhiwa vipande vipande mahali mbalimbali huenda ikapatikana nusu tu.

Hatua za kufuata

(a) Kadi itolewe katika kamera mara moja, na isipigwe picha nyingine hata moja.
(b) Kompyuta ikiuliza kama kadi iandaliwe upya, jibu liwe hapana.
(c) Nakala kamili ya kadi nzima ifanywe kwanza katika kompyuta, na utafutaji ufanywe katika nakala hiyo.
(d) Picha zinazopatikana zihifadhiwe penginepo, kamwe si katika kadi ile ile.

Karatasi na kadi

Sababu ya kusisitiza hatua ya kwanza yaonekana katika kisa cha Livingstone mwenyewe. Mwaka 1871, alipokuwa Nyangwe katika Kongo ya mashariki, aliishiwa karatasi. Akaiandika shajara yake juu ya magazeti ya zamani, kwa wino uliotengenezwa kwa mimea. Humo alieleza mauaji ya sokoni aliyoyashuhudia tarehe 15 Julai. Wino ulififia hata maandishi yakawa karibu hayasomeki. Wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, ukiwemo usioonekana kwa macho, na mwaka 2011 maneno hayo yakasomeka tena.

Karatasi iliweza kubeba maandishi mawili kwa pamoja, chapa ya gazeti na wino wa shajara. Kijumba cha kadi hakiwezi. Kikishaandikwa upya, hali yake ya kwanza imetoweka, na hakuna programu iwezayo kuirudisha. Picha moja ya majaribio, ipigwayo ili kuona kama kadi imepona, yaweza kuifuta sura ya mzee wa Kwihara daima.