Mama wa mpakani ajifungulie wapi?

NAMANGA. Wifi yangu anauza vitunguu na maharage hapa Namanga. Asubuhi huvuka na mzigo wake upande wa Kenya, jioni hurudi na chenji ya shilingi za nchi mbili, kisha hupanda bodaboda kwenda kijijini kwao, magharibi mwa barabara kuu ya Arusha–Namanga. Kiangazi safari hiyo ni saa moja na nusu. Masika, makorongo yakijaa, hakipiti chombo chochote mpaka maji yashuke.

Mapema mwaka 2025, mimba yake ya pili ilipofika miezi saba, nilimuuliza atajifungulia wapi.

“Si kule kule, wifi,” alinijibu. “Ng’ambo nimeshapazoea.”

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa ng’ambo mwaka 2018. Rafiki yake, mteja wa vitunguu, alimwazima kitambulisho ili apate huduma ya bure. Alijifungua salama, ingawa alitoka damu nyingi na kulazwa siku tatu. Familia ilishukuru Mungu na mambo yakaishia hapo.

Hayakuishia hapo. Mtoto alipofikia umri wa kuanza darasa la kwanza, shule iliomba cheti cha kuzaliwa. Karatasi pekee iliyokuwapo nyumbani ilikuwa ile ya hospitali, nayo ilionyesha kwamba mama wa mtoto huyo ni mwanamke mwingine, raia wa nchi nyingine. Kaka yangu alizunguka ofisi kwa miezi akitafuta namna ya kuthibitisha kwamba mtoto ni wake.

Ndiyo maana nimeandika makala haya. Sisi wa mpakani tumezoea kuuliza: wapi ni bei nafuu, wapi njia ni fupi? Kwa vitunguu swali hilo linatosha. Kwa uzazi halitoshi.

Pima kwa saa, si kwa kilomita

Damu inayotoka baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi duniani. Mama aliyekuwa mzima jioni anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili asipopata msaada. Kwa hiyo swali la kwanza si kituo kiko umbali gani. Ni hili: nikipatwa na tatizo saa nane usiku, mvua ikinyesha, nitafika kwenye damu na chumba cha upasuaji baada ya saa ngapi?

Kwa Tanzania, ngazi ya kwanza ni zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Zahanati inaweza kumzalisha mama asiye na tatizo, lakini haifanyi upasuaji. Baadhi ya vituo vya afya vinafanya, vingine havifanyi. Uganda ngazi huhesabiwa kwa namba: kituo cha tatu kina wodi ya wazazi, cha nne ndicho kinachokusudiwa kuwa na chumba cha upasuaji. Kenya nayo ina madaraja yake. Jina kwenye kibao halitoshi. Uliza kabla: mnafanya upasuaji usiku? Damu ipo? Gari la wagonjwa lipo, na lina mafuta?

Wapo akina mama ambao hawapaswi kupanga kujifungulia zahanati hata kama iko mlango wa pili. Ni wale waliowahi kufanyiwa upasuaji, waliotoka damu nyingi uzazi uliopita, wenye mapacha, wenye shinikizo la damu au upungufu wa damu, na wale ambao mtoto amekaa vibaya tumboni. Wifi yangu alikuwa kwenye orodha hiyo. Yeye aliona kutokwa damu kule ni jambo lililopita. Muuguzi wa kliniki aliona ni onyo.

Nani atalipa?

Kenya ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013. Baadaye huduma hiyo iliitwa Linda Mama na kusimamiwa na NHIF ya Kenya. Tangu Oktoba 2024 mfumo umehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na Linda Mama ikawa Linda Jamii. Mzazi anatakiwa awe amejisajili kwa kitambulisho chake. Anayevuka akitegemea habari za mwaka 2018 anaweza kukuta dirisha limebadilika.

Tusichanganye majina pia. Kadi ya NHIF ya Tanzania ni kwa ajili ya vituo vya Tanzania; kufanana jina na mfuko wa zamani wa Kenya hakuifanyi ipokelewe ng’ambo. Sera ya Tanzania inamsamehe mjamzito gharama katika vituo vya umma, ingawa kila mama anajua kwamba glovu, pamba na nauli hutoka mfukoni. Uganda iliondoa ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, na Burundi ikafanya kujifungua kuwa bure mwaka 2006. Kila nchi ilijipangia kwa ajili ya watu wake. Mvukaji aulize mapema yeye anahesabiwa kuwa nani.

Kuazima kitambulisho si njia ya mkato. Ni kosa kisheria, na lina hatari ya mwili: rekodi anazosoma daktari ni za mtu mwingine. Kama mwenye kitambulisho hajawahi kufanyiwa upasuaji na wewe umewahi, daktari hatajua mpaka hali iharibike.

Karatasi ya mtoto

Mtoto huandikishwa katika nchi alikozaliwa. Kenya sheria inatoa miezi sita, Tanzania siku 90. Ukichelewa, mlolongo unakuwa mrefu. Usiondoke hospitali bila karatasi ya taarifa ya kizazi, na usome majina yote mawili ya wazazi herufi kwa herufi kabla ya kuikunja.

Kuhusu uraia, wengi huamini kwamba kuzaliwa upande fulani kunampa mtoto nchi ile. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatazama wazazi: mmoja wao akiwa Mkenya, mtoto ni Mkenya hata akizaliwa nje. Mtanzania anayejifungulia nje hupata mtoto mwenye uraia wa kurithi. Hapo kuna jambo ambalo wachache wanalifahamu: raia wa kurithi akizaa naye nje ya nchi, uraia huo haumfikii mtoto wake moja kwa moja. Familia inayojifungulia ng’ambo kizazi baada ya kizazi inaweza kumletea shida mjukuu ambaye bado hajazaliwa.

Dharura haina mpaka

Haya yote ni ya kupanga mapema. Uchungu ukikukuta sokoni, au damu ikianza kutoka ukiwa barabarani, nenda kituo kilicho karibu, upande wowote. Katiba ya Kenya, ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Maswali ya kitambulisho yatakuja baadaye.

Kwa upande wa Tanzania upo mfumo wa M-Mama. Unapiga 115 bure, na gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa anatumwa kumchukua mama. Ila wa mpakani waangalie simu zao. Mara nyingi hapa Namanga simu hunasa mtandao wa jirani bila mwenyewe kujua, na namba fupi ya nchi moja huenda isiite kupitia mtandao wa nchi nyingine. Chagua mtandao wa kwenu kwa mkono, na uwe na namba ya kawaida ya muuguzi wa kituo chako.

Kadi ya kliniki isikae nyumbani wakati mwenyewe uko sokoni. Ina kundi la damu, wingi wa damu, vipimo na historia ya uzazi. Muuguzi wa upande wowote ataisoma. Kwa mjamzito anayevuka kila siku, kadi hiyo ina uzito kuliko hati ya kusafiria.

Sogea kabla ya wakati

Kwa anayeishi mbali, jibu ambalo limewasaidia wengi ni kusogea karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla ya tarehe. Hospitali na vituo kadhaa vya Tanzania vina jengo la mama ngojea, ambako mjamzito hukaa akisubiri siku yake. Pasipo jengo, ndugu au chumba cha kupanga hufaa. Kwa mfanyabiashara gharama kubwa ni siku za soko zinazopotea, na hizo zinapangika: mzigo umkabidhi nani, madeni yakusanywe lini, akiba ya nauli iwekwe kwa shilingi ipi.

Tulimwambia wifi yangu hivyo, naye alikataa mara mbili. Mara ya tatu kaka yangu alimwambia, “Mama Neema, vitunguu vikioza tutanunua vingine.” Akahamia Longido kwa shangazi, mwendo mfupi kutoka hospitali, akamwachia mdogo wake meza ya sokoni.

Uchungu ulianza Aprili, usiku wa mvua. Korongo la kijijini lilikuwa limejaa tangu mchana. Alijifungua mtoto wa kiume, na damu ikatoka tena kama mara ya kwanza. Safari hii wauguzi walikuwa wamesoma kadi yake na dawa zilikuwa tayari. Asubuhi alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji.

Tangu Julai 2010 tuna Soko la Pamoja la Afrika Mashariki. Mzigo usiozidi dola 2,000 unavuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, na ofisi za pamoja za forodha zimepunguza foleni. Mama mwenye rufaa mkononi hana utaratibu mwepesi kama huo, na bima yake inaishia kwenye geti. Wakubwa wanaokutana Arusha wakijadili ushuru wa mahindi waliweke na hilo mezani. Mpaka walimalize, kila familia ya mpakani ijiwekee jibu lake kabla mimba haijafika miezi minane.

Cheti cha mtoto wa kwanza bado kinashughulikiwa. Cha wa pili kilipatikana bila usumbufu, kikiwa na jina la mama yake.