Sikio la Mtoto Mchanga na Mlio wa Mtu Mzima

Daktari anayechungulia sikio huona uso wa kiwambo tu. Kama nyuma yake kuna majimaji, jicho hukisia, na kwa mtoto mchanga mwenye mfereji mwembamba hukisia vibaya zaidi. Timpanometri hupunguza kukisia huko. Ncha laini ya mpira huziba tundu la sikio, kifaa hubadilisha mgandamizo wa hewa huku kikitoa mlio, na maikrofoni hupima sauti inayobaki mferejini. Kiwambo kizima hupitisha sauti vizuri zaidi hewa ya pande zote mbili ikilingana, na hapo mchoro hupanda kilele. Sikio la kati likijaa majimaji, kiwambo hakichezi na mstari hulala. Hulala pia kiwambo kikitoboka, ila hapo ujazo unaosomwa huwa mkubwa. Anayepimwa hajibu swali lolote, faida kubwa kwa asiyejua kusema.

Lakini mlio wa kawaida ni wa hezi 226, na haukuchaguliwa kwa ajili ya watoto. Ulipendelewa kwa kuwa kwenye mlio huo mililita moja ya hewa husomeka kama moja kamili, hivyo kifaa hurekebishika kirahisi. Kwa mtu mzima unatosha kugundua majimaji. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, ambaye kuta za mfereji wake bado ni laini, unaweza kuchora kilele kizuri ilhali sikio limejaa. Mlio wa hezi 1000 hudanganyika mara chache zaidi, ndiyo maana miongozo ya kitaalamu huuagiza kwa umri huo.

Wapo wanaosema majimaji mengi hukauka yenyewe baada ya wiki au miezi, basi haraka ya nini? Ni kweli hukauka. Ila mtoto aliyeshindwa uchunguzi wa usikivu anaweza kuwa na majimaji, au hitilafu ya sikio la ndani ambayo kusubiri hakuiponyi, na kilele cha uongo humpeleka kwenye njia isiyo yake. Gharama nayo si hoja nzito, kwani vifaa vingi vya kliniki vina milio yote miwili. Kinachotakiwa ni mpimaji kuchagua unaofaa. Mzazi, ukikabidhiwa majibu ya mwanao ambaye hajatimiza miezi 6, uliza alipimwa kwa hezi ngapi. Ukiambiwa 226 peke yake, omba arudiwe kwa 1000.