Kiwambo Kinaponyamaza Jii

Jioni nyingi mimi hupatikana katika maabara ya tarakilishi, na huko swali moja huniandama: mbona mtu aliyeingia katika mashine iliyo mbali, anaandika amri zake vizuri, ghafla kiwambo kinanyamaza jii, hata herufi moja haitokei? Wenzangu husema, "Imeganda, bwana!" kisha huzima. Wakizima hivyo, mradi uliokuwa ukiendeshwa kule kwa saa tatu nao hufa.

Njia tunayotumia huitwa SSH. Iliundwa mwaka wa 1995 na Tatu Ylönen wa Finland, baada ya wezi wa maneno ya siri kuuvamia mtandao wa chuo chake. Unachoandika husafiri kikiwa kimefumbwa hadi kule, na jibu hurudi vivyo hivyo.

Basi kabla ya kuzima, bonyeza Ctrl pamoja na Q. Unacheka? Wengi hubonyeza Ctrl na S wakidhani wanahifadhi kazi, kumbe katika terminali hiyo ni amri kongwe ya tangu enzi za mitambo ya teleksi: "Ngoja kwanza!" Q ndiyo "haya, endelea."

Q isipofua dafu, shuku muunganisho wenyewe. Hapa, kwa maoni yangu, mshukiwa mkuu ni kimya. Kati yako na mashine ile pana ruta, nayo ina daftari la mazungumzo yanayopita kwake. Ukienda kunywa chai bila kuandika lolote, ruta huona mazungumzo yamekwisha, ikafuta mstari wako. Haimwambii mtu! Ukirudi na kuandika, ujumbe wako haupokelewi, na tarakilishi yako huendelea kuutuma tena na tena ikingoja jibu lisilokuja. Ndiyo maana huoni kosa lolote, ila kuganda tu.

Dawa yake ni mstari mmoja katika faili iitwayo config, ndani ya folda ya .ssh:

ServerAliveInterval 60

Kila kimya kikitimu sekunde 60, tarakilishi yako itauliza, "Upo?" Ruta ikisikia hivyo haifuti. Maswali 3 yakikosa jibu, muunganisho hukatwa waziwazi, nawe hukai ukikodolea macho kiwambo kilichokufa. Ukitaka kutoka papo hapo, bonyeza Enter, kisha alama ya ~, kisha nukta.

Na mtandao ukikatika kweli, je? Hapo hakuna mpangilio utakaouzuia. Mimi huanzisha tmux kwenye mashine ya mbali kabla ya kazi yoyote ndefu. Kazi huendelea humo hata nikitoweka. Nikirudi huandika tmux attach, nami huikuta ilipofika. Ila stima zikipotea kule kule iliko mashine, tmux nayo huzimika pamoja na vyote vilivyomo.