Usafi katika Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Mawaidha ya usafi wa nyumba aghalabu humtaka msomaji afungue madirisha, afungulie bomba na kusugua sakafu. Katika Mukuru kwa Njenga, chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10 ndicho jiko, sebule, malazi na mahali pa mwanafunzi kudurusu. Mara nyingi dirisha halimo, na maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Mwalimu wa sayansi kimu asipoanzia hapo, atakuwa anamfundisha mtoto kuionea haya nyumba yao.

Mama anayejua thamani ya mtungi hamwagi maji ya kusuuzia nguo. Huyaweka ndooni yapigiwe deki jioni. Hekima hiyo ingefaa kuingizwa vitabuni. Maji ya kunywa ni habari nyingine. Mabomba ya plastiki hupita ndani ya mitaro michafu, na palipo na ufa uchafu huingia. Basi yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe klorini, kisha yahifadhiwe katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko ili yamiminwe, yasichotwe kwa kikombe. Kipindupindu kilichozuka nchini Oktoba 2022 huenea kwa njia kama hizo.

Linalonikera zaidi ni hewa. Wakazi wengi hupamba kuta kwa mapazia meupe, na nyuma yake hubandika makatoni ya kuzuia baridi. Chumba hupendeza kweli. Mgeni huketi akausahau mtaro ulio nje. Lakini makatoni hayo ni makao ya kunguni na chakula cha moto, na kila ufa unaozibwa huifungia ndani hewa ya jiko. Makaa yanapoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu huona makaa yamefunikwa na majivu meupe wakadhani yamekuwa salama. Sivyo. Familia inayolala na jiko ili ipate joto huenda isiamke. Jiko litolewe nje kabla ya mlango kufungwa, na nafasi ya upana wa kiganja iachwe chini ya paa, pande mbili, hewa ipite.

(Kuhusu kunguni, jua la asubuhi pekee halitoshi: viungo vya kitanda vimiminiwe maji yanayochemka.)

Utauliza, ndugu mwalimu, mbona mpangaji asikate dirisha? Mabati si yake, ni ya mwenye ploti. Isitoshe, Novemba 2021 matingatinga yalibomoa makao ya maelfu ya watu papa hapa kwa Njenga ili kupisha barabara. Aliyeshuhudia hayo atasita kutumia shilingi zake kwa ukuta unaoweza kuangushwa kesho. Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mnamo 2017. Katika mipango hiyo, mwenye ploti na alazimishwe kuweka dirisha katika kila chumba anachopangisha. Kukata dirisha la mabati na kulitia bawaba si kazi kubwa kwa fundi, na kodi hukusanywa kila mwezi.