Debe si kilo: pima kabla ya kupakia

Mfanyabiashara anayekusanya mahindi Laela, Matai au Namanyere hununua kwa debe. Anapofika Sumbawanga mjini au Tunduma, mnunuzi mkubwa humlipa kwa kilo. Kati ya vipimo hivyo viwili ndipo faida ya wengi inapopotelea, tena bila mwenyewe kujua.

Hesabu iliyozoeleka ni kwamba madebe sita ni gunia moja la kilo 100. Hesabu hiyo husimama tu pale debe linapojazwa hadi kufanya kilima juu. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa mahindi makavu na kufutwa kwa kijiti huwa na takriban kilo 15. Debe la bati la zamani, lililotokana na bati la mafuta ya taa la galoni nne, ni la lita 18 hivi, nalo huchukua kilo 13 na nusu tu.

Tuchukue mfano. Umenunua madebe 60 kwa shilingi 10,000 kila moja, yaani shilingi 600,000. Kwa hesabu ya mazoea una kilo 1,000, na ukiuza kwa shilingi 650 kwa kilo utapata faida ya shilingi 50,000. Lakini kama kila debe lilikuwa la kilo 15, mzigo wako ni kilo 900. Utapokea shilingi 585,000. Umepata hasara ya shilingi 15,000 kabla hujalipa gari wala wapakiaji.

Aidha, kuna suala la unyevu. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa mahindi katika Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 yakikaushwa hadi kiwango hicho, kila kilo 100 hubaki kilo 95 hivi. Kilo zako 900 zitakuwa 853, na hasara itapanda hadi shilingi 45,550.

Ikumbukwe pia kuwa kila bidhaa ina uzito wake. Ndoo ile ile ya lita 20, ikifutwa juu, huchukua takriban kilo 15 hadi 16 za maharage, kilo 16 hadi 17 za mchele, kilo 11 hadi 12 za mpunga, na kilo 7 hadi 9 tu za alizeti. Mafuta ya alizeti hufika kilo 18 na kidogo, na asali kilo 28. Kwa hiyo anayeuza mafuta ya kupikia asichanganye dumu la lita 20 na la kilo 20: kilo 20 za mafuta ni karibu lita 22. Unga ndio mgumu zaidi, kwani kopo likitikiswa hushuka na kupokea mwingine.

Wafanyabiashara wanashauriwa kufanya hivi. Kwanza, pima ndoo tupu. Pili, ijaze maji hadi ukingoni na uipime tena. Kilo za maji ndizo lita zake. Tatu, jaza bidhaa, futa kwa kijiti, pima, kisha toa uzito wa ndoo. Rudia kwa madebe matano na utafute wastani. Huo ndio uzito wa debe lako kwa mzigo huo. Mzigo mwingine upimwe upya.

Mkulima naye ana lake la kuangalia. Anayekubali debe la kilima au gunia la lumbesa hutoa kilo za bure. Lumbesa imekatazwa, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ndio unaosimamia Sheria ya Vipimo. Mizani iliyokaguliwa hubeba alama ya Wakala. Itazame kabla ya kupima.

Kwa ufupi, patana bei kwa kilo hata kama unapokea kwa debe. Gharama ya mizani ni ndogo kuliko hasara ya safari moja.