Nomvethe wa Durban: Msimu bora katika umri wa miaka 34

Msikilizaji, mshambuliaji wa kandanda akishatimiza miaka 34, watu huanza kumwuliza atastaafu lini. Siyabonga Nomvethe wa Afrika Kusini alilijibu swali hilo kwa mabao 20 katika msimu mmoja wa ligi.

Nomvethe alizaliwa Durban, mji wa bandari katika pwani ya Bahari ya Hindi, tarehe 2 Desemba mwaka 1977. Alianza soka ya kulipwa katika African Wanderers, klabu kongwe ya mji huo, na mwaka 1998 akahamia Kaizer Chiefs ya Johannesburg. Sifa yake ilikuwa mbio. Katika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2000, bao lake pekee liliwatoa Ghana mbele ya mashabiki wao mjini Kumasi.

Mwaka 2001 alisajiliwa na Udinese ya Italia, klabu inayojulikana kwa kutafuta vipaji vya kigeni. Lakini kusajiliwa ni jambo moja, na kupangwa uwanjani ni jambo jingine. Nomvethe alikaa sana benchi, kisha akapelekwa kwa mkopo Salernitana, Empoli na Djurgården ya Sweden. Mchezaji wa mkopo hubaki mali ya klabu yake huku akiichezea nyingine. Hupata mechi, lakini hana pa kutia mizizi.

La ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo ya kusubiri ndipo alipoiandikia nchi yake historia. Tarehe 8 Juni mwaka 2002, mjini Daegu, Korea Kusini, aliifungia Bafana Bafana bao katika dakika ya nne dhidi ya Slovenia. Mechi ilimalizika 1-0, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa Afrika Kusini katika fainali za Kombe la Dunia. Hata hivyo, walipofungwa 3-2 na Hispania, walitolewa. Walilingana na Paraguay kwa pointi na kwa tofauti ya mabao, lakini Paraguay walikuwa wamefunga mabao sita, wao matano.

Baada ya kupitia Orlando Pirates, Nomvethe alirejea Ulaya mwaka 2006, safari hii Aalborg, Denmark. Huko alipata utulivu, na klabu yake ikatwaa ubingwa mwaka 2008. Mwaka uliofuata alirudi nyumbani kuichezea Moroka Swallows, na mwaka 2010 alikuwamo katika kikosi cha Kombe la Dunia lililoandaliwa na nchi yake.

Ndipo ukaja msimu wa 2011/2012. Swallows walimaliza wa pili nyuma ya Orlando Pirates, naye Nomvethe akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa mwaka wa ligi kuu. Mbio hupungua kwa umri, ila maarifa ya kujua mpira utaangukia wapi huongezeka.

Mwaka 2014 alirejea Durban na kujiunga na AmaZulu. Msimu wake wa kwanza ulimalizika kwa klabu hiyo kushuka daraja. Wengi wa umri wake wangetundika viatu, lakini yeye alibaki na kucheza daraja la kwanza. Mwaka 2017 AmaZulu ilirudi ligi kuu kwa kununua nafasi ya klabu ya Thanda Royal Zulu, na Nomvethe alikuwa bado yupo. Alistaafu mwaka 2019, akiwa na miaka 41.

Kila mwaka vijana wa Afrika huota kusaini mkataba Ulaya, na wengi hudhani kwamba saini hiyo ndiyo mwisho wa safari. Maisha ya Nomvethe yanaonyesha vingine. Ligi yenye jina kubwa haikumpa nafasi. Msimu wake mkubwa kuliko yote aliupata nyumbani, miaka 10 baada ya kutua Italia, katika klabu iliyompanga kila wiki.